Kama sisi si ndugu, mbona marika yetu yana majina yaleyale?

Wacha nianze na majina manane. Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa. Kama wewe ni Mbukusu na umepitia kisu, moja kati ya hayo ni lako mpaka kaburini. Sasa soma haya mengine: Korongoro, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige, Nyongi, Maina, Chumo, Sawe. Hayo ni ya Wakalenjin. Yaweke kando kwa kando, la kwanza na la kwanza, la pili na la pili, mpaka la nane.

Umeona? Si majina tu yanafanana. Mpangilio ni uleule. Ukizunguka duara lote unarudi mahali pamoja.

Na bado Lubukusu na Kisabaot si lugha za ukoo mmoja. Si binamu, si hata watu wa kijiji kimoja. Msabaot wa Kapsokwony akiongea lugha yake haraka, Mbukusu wa Kimilili pale chini, mwendo wa matatu moja tu, haelewi hata salamu. Hiyo ndo stori ya leo, na naomba uisome hadi mwisho juu watu wa kwetu wameitumia vibaya sana.

Mimi ni mtoto wa Kitale. Baba ni Mbukusu wa upande wa Kimilili, mama ni Msabaot wa upande wa Kapsokwony. Kwa hivyo nimekua nikisikia pande mbili za ugomvi mmoja. Kuna wajomba wanaosema, "Hao Wabukusu wote walikuwa watu wetu, walipotea tu wakaanza kuongea Kibantu." Kuna baba wadogo wanaosema, "Hao wa mlimani ni wageni, sisi tulikuwa hapa tangu enzi za Mango." Na kila upande ukibanwa unatoa ushahidi wa aina moja: neno. Ati jina la mji fulani ni letu. Ati rika lenu mlituibia. Yaani lugha imegeuzwa hati ya shamba. Sasa kama ni ushahidi wa maneno, si tuyaangalie hayo maneno yenyewe.

Tuanze na ukoo. Watu wengi wanadhani ukitaka kujua kama lugha mbili zina undugu, unatafuta maneno yanayofanana. Hapana, buda. Maneno yanayofanana yanaweza kuwa ya kuazima, na mengine ni bahati tu. Mfano mzuri uko nyumbani kwetu: kwa Lubukusu babu ni kuka na nyanya ni kukhu. Kwa Kikalenjin babu ni kugo na nyanya ni kogo. Mtu atarukaruka hapo aseme, "Unaona! Ndugu!" Lakini Wagikuyu nao wanamwita babu guka. Maneno ya kuwaita wazee nyumbani yanafanana katika lugha nyingi duniani, kama vile mama na baba, juu ni sauti za kwanza ambazo mdomo wa mtoto unaweza. Hayo hayathibitishi kitu.

Kinachothibitisha ni sauti kubadilika kwa utaratibu, neno baada ya neno, bila kubahatisha. Angalia Kiswahili na Lubukusu. Kula ni khulya. Kuona ni khubona. Kufa ni khufwa. Kumi ni ekhumi. Kuku ni engokho. Umeshika? Pale Kiswahili kina k, Lubukusu mara nyingi kina kh, ile ya kukwaruza koo. Halafu tano ni rano, na tatu ni taru. Ile t imekuwa r. Kichwa ni kumurwe, na ukijua kwamba Waganda wanasema omutwe, unaona t na r zikibadilishana tena. Hii si ajali. Hii ni lugha mbili zilizonyonya titi moja zamani sana, kila moja ikaenda zake na matamshi yake. Ongeza hapo ngeli: omundu na babandu, mtu na watu. Mbibantu mzima.

Sasa jaribu hiyo na Kikalenjin. Mtu ni chi, watu ni piik. Tatu ni somok. Tano ni mut. Kumi ni taman. Hakuna utaratibu wowote utakaokutoa kwa tano hadi kwa mut. Na hiyo taman, kwa taarifa yako, yenyewe si ya Kiniloti asili. Wanaisimu wanaiona kama neno lililotoka kwa Wakushi, na Warendille huko kaskazini wanasema tomon. Kwa hivyo kila Mkalenjin akihesabu mpaka kumi anapita kwa jirani mwingine wa zamani ambaye hata hamkumbuki. Nilipojua hiyo nilimwambia mama, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwani tulikuwa tunahesabu nini kwao?" Swali zuri sana. Nafikiri ng'ombe.

Muundo nao ni dunia nyingine. Lubukusu kinaanza na mtenda, halafu kitendo, halafu mtendwa, kama Kiswahili. Kikalenjin kinaanza na kitendo. Lubukusu kina irabu tano kama sisi wote tulivyofundishwa, a e i o u. Kikalenjin kina makundi mawili ya irabu, mazito na mepesi, na ndani ya neno moja hazichanganyiki ovyo. Kisha kuna toni. Kikalenjin kinaweza kutofautisha nani amefanya na nani amefanyiwa kwa kupandisha ama kushusha sauti tu, bila kubadilisha herufi hata moja. Ndo maana mtu akikiandika bila alama, msomaji inabidi ajue maana kutokana na habari yenyewe. Na p na b, k na g, hazisimami peke yake kama kwetu. Inategemea neno limekaa wapi. Hiyo ndo sababu vitabu vinaandika Nyongi hapa na Nyonki pale, Kimnyige hapa na Kimnyike pale. Hawajakosea. Sikio la Mswahili ndilo linatafuta tofauti ambayo mwenye lugha hana haja nayo.

Kwa hivyo ukoo ni mbali. Mmoja ni Mbantu, mababu wa lugha yake walitoka upande wa Kameruni na Nijeria miaka elfu kadhaa iliyopita. Mwingine ni Mniloti wa Kusini, lugha yake ilishuka kutoka upande wa Sudan. Walikutana hapa, kwenye miteremko ya mlima mmoja ambao hata jina hawakukubaliana. Wabukusu na Wagisu wanauita Masaba. Wasabaot wanauita Tulwop Kony, mlima wa Wakony. Wamaasai waliuita Ol Doinyo Ilgoon. Halafu mzungu akaja akaandika Elgon, ikabaki hiyo kwenye ramani.

Hapa nitoke nje ya Kenya kidogo. Kusini mwa China kuna watu wanaoitwa Wahmong. Wamekaa na Wachina karne nyingi mpaka lugha zao zinasikika kama za mama mmoja: zote zina toni nyingi, zote zina maneno mafupi ya silabi moja, na Kihmong kimejaa maneno ya kuazima kutoka Kichina. Wasomi wengi ndani ya China waliziweka kwenye familia moja. Wanaisimu wengi wa nje wanasema hapana: ukiondoa maneno ya kuazima, kinachobaki ni familia nyingine kabisa, yenye mizizi yake. Na jina? Wachina waliwaita Miao. Wahmong wengi walioishia Marekani baada ya vita vya Vietnam, hasa kule St. Paul, Minnesota, hawalipendi hilo jina hata kidogo. Wanajiita Hmong, na kwa alfabeti iliyotengenezwa Laos miaka ya 1950 wanaliandika Hmoob. Ile b ya mwisho hata haitamkwi, ni alama ya toni. Manze, hiyo ilinifurahisha sana. Wao walipata njia ya kuandika toni kwa herufi ambazo ziko kwenye mashine yoyote ya kupiga chapa.

Sasa kwetu ni kinyume. Kihmong na Kichina zinasikika karibu. Lubukusu na Kisabaot hazisikiki karibu hata ukiwa umelala. Lakini ndani yake zimebeba kalenda moja. Ujirani haukupita mdomoni, ulipita kwa kisu.

Rudi kwa yale majina manane. Swali la kwanza kila mtu anauliza ni nani alimpa mwenzake. Hapa lugha inaweza kujibu kweli, kuliko kelele za wajomba. Chukua Kipkoimet. Kip- ni kiambishi cha Kikalenjin ambacho kila mmoja wetu anakijua, kiko kwa Kiprotich na Kiplagat. Ile -t ya mwisho nayo ni mkia wa kawaida wa Kikalenjin. Neno linakaa vizuri nyumbani kwake. Likifika kwa Wabukusu linakuwa Kikwameti. Limeongezewa i mwishoni juu Wabantu hatupendi neno liishie na konsonanti. Ndo tulifanya benki, baisikeli, na hospitali. Ndani ya Lubukusu hiyo Ki- haina kazi yoyote. Kaplelach vilevile: ndani yake mna lel, nyeupe. Neno lenye maana upande mmoja na lisilo na maana upande wa pili limesafiri kutoka kule kwenye maana. Kwa hivyo ndiyo, majina yalitoka kwa Wakalenjin kwenda kwa Wabukusu. Wajomba zangu wameshinda hiyo raundi. Wasifurahi mapema.

Angalia Kananachi. Mahali pake kwenye duara ni pale pa Kaplelach, lakini sauti hazifanani kabisa. Watiriki wa Vihiga, ambao walichukua marika kutoka kwa majirani zao Waterik, wana majina kama Kabalach, Golongolo, Jiminigayi, Nyonje, Mayina, Juma na Sawe. Wao Kaplelach wao iko, ni Kabalach, unaitambua mara moja. Wabukusu waliweka kitu kingine mahali hapo. Kwa hivyo hawakunakili kama mwanafunzi anayeibia mtihani. Walichukua, wakaketi nayo, wakabadilisha.

Na Korongoro ni tamu zaidi. Wanandi kwenye orodha yao ya marika wana saba, Korongoro haiko. Wabukusu wanayo, Kolongolo, hai kabisa, watu wanatembea nayo mjini Bungoma. Fikiria hiyo: Wabantu wanatunza jina la rika la Kikalenjin ambalo Wakalenjin wengine wenyewe wameliacha.

Linganisha tena na Wagisu wa Mbale, upande wa pili wa mlima. Lugha yao na Lubukusu ni karibu sana, mkikaa mezani mnaelewana. Wao pia wanatahiri, wanaita imbalu, na pia ni miaka shufwa kama sisi. Lakini hawana hili duara la majina manane. Wanaupa mwaka jina la tukio la mwaka huo. Kwa hivyo ndugu wa damu ya lugha wana desturi tofauti, na jirani asiye ndugu ana kalenda yako. Hapo ndipo mtu anayesema "lugha moja, watu wamoja" anaanza kukohoa.

Historia yenyewe ya Wabukusu haifichi hili. Simulizi ya Mango kila mtoto wa Bungoma anaijua: joka lilikuwa linamaliza watu na mifugo, Mango akaliua kule Mwiala, na baada ya ushujaa huo akatahiriwa. Na ni nani wako ndani ya simulizi hiyo? Barwa. Ndilo jina Wabukusu wanalowaita Wakalenjin. Wako pale katikati ya hadithi kubwa kuliko zote za Wabukusu, si kama maadui wa kuchinjwa, bali kama watu ambao kisu kilikuwa chao. Kuna wazee wanaosema kutahiri kulikuwepo tangu zamani na Mango alikufufua tu. Sawa, hata hivyo. Bado Barwa wako kwenye hadithi, hawatoki.

Wanahistoria wameandika haya muda mrefu. Gideon Were alitoa kitabu chake cha historia ya Waluhya mwaka wa 1967, na Christopher Ehret akachapisha historia ya Waniloti wa Kusini mwaka wa 1971, akitumia maneno ya kuazima kama mchimbaji anavyotumia vigae vya vyungu. Si siri ya mtu. Ni vile tu sisi tunapata historia yetu kwa mikutano ya kisiasa.

Tuje kwa miji, juu hapo ndo damu imemwagika.

Bungoma. Kuna maelezo mawili yanayozunguka. Moja inasema ni kutokana na engoma, ngoma, ati hapo ndipo wazee walikuwa wakikutana na ngoma zikipigwa. Nyingine inasema ni kutokana na Wabong'om, kikundi cha Wasabaot ambacho kipo mpaka leo. Mimi naona hii ya pili ina miguu zaidi, na sababu ni ya sauti. Bu- ni kiambishi cha Kibantu cha nchi: Buganda, Bugisu, Bukusu. Ukikiweka mbele ya jina la wale watu unapata nchi ya Wang'oma. Kisha karani akiandika ng' bila ile alama ya juu, inasomwa ng, na mtu anayejua engoma anasikia ngoma. Ni rahisi hivyo. Lakini hebu angalia tulichopata: mzizi wa Kikalenjin, kiambishi cha Kibantu. Hata jina lenyewe la mji ni mtoto wa baba na mama kama mimi. Ukitaka kulitumia kumfukuza mtu utalikata katikati.

Majina ya watu pia yalitoka kwa majirani. Wabukusu kwenye karatasi za wakoloni waliitwa Kitosh, jina la kupachikwa, na walipigania liondolewe. Na yale mabano makubwa tunayojificha ndani yake sai, Luhya na Kalenjin, ni machanga kuliko kina kuka wetu. Jina Kalenjin lilishika miaka ya 1940, na maana yake ni "nakwambia." Jina Luhya nalo lilisukumwa na vyama vya miaka ya 1930 na 1940. Mzee aliyezaliwa 1900 pale Chwele hangekuelewa ukimwambia yeye ni Mluhya.

Halafu ardhi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, nyanda za Trans Nzoia ziligawiwa walowezi wazungu. Wakony walipeleka malalamiko yao kwa Tume ya Ardhi ya Kenya ya 1932. Kabla ya uhuru, tume ya mipaka ya 1962 ilikuta Wabukusu na Wasabaot wakivutana kuhusu Kitale na mlima: Trans Nzoia ikawekwa Bonde la Ufa, Mlima Elgon ukawekwa Magharibi pamoja na Bungoma. Yaani kila upande ulipata kitu cha kulalamikia. Mwaka wa 1991 mpaka 1993 watu wakachomewa nyumba kwa sababu ya lugha waliyoamka wakiongea. Mama yangu alikuwa msichana wakati huo na ananiambia walikuwa wanaulizwa neno moja tu barabarani, ulitamke. Ulimi wako ndo ulikuwa kitambulisho.

Lakini kama ugomvi wa mlima ungekuwa wa lugha, basi ule mbaya zaidi ungekuwa kati ya Mbukusu na Msabaot. Haukuwa. Mwaka wa 1968 Chepkitale ilifanywa hifadhi ya wanyama na watu wa juu, Wamosop ama Ogiek, wakatolewa. Mwaka wa 1971 ukaanza mpango wa makazi wa Chepyuk. Miaka ikapita, mashamba yakagawiwa tena na tena, na mwaka wa 2006 awamu ya tatu ikawasha moto. Kundi la SLDF likachukua silaha, mamia wakauawa, na Machi 2008 jeshi likaingia na operesheni ya Okoa Maisha, ambayo nayo iliacha wanaume waliopotea na wajane wanaouliza mpaka leo. Wabukusu waliumia, ndiyo. Lakini kiini chake kilikuwa Wasoy na Wamosop, watu wanaoongea Kisabaot wote wawili. Irabu zilezile, toni ileile, marika yaleyale. Walijuana kwa majina na bado wakachinjana kwa ekari.

Kwa hivyo mtu akija kwako na neno mkononi, ati jina la kijiji hiki ni la kwetu kwa hivyo shamba ni letu, muulize Chepyuk ilikuwa ya lugha gani.

Niwape kitu chepesi sasa, juu najua nimewachosha. Majina yetu ya kuzaliwa. Mbukusu aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Wafula, msichana ni Nafula. Kwa Wakalenjin, mvua ni rop: mvulana ni Kiprop, msichana ni Cherop. Ona vile mashine inafanya kazi: W- na N- huku, Kip- na Che- kule, katikati mvua. Simiyu ni wa kiangazi, Kemei ni wa kiangazi. Hapa hakuna sauti hata moja iliyoazimwa. Wazo ndilo limefanana, na sitasema nani alimpa nani, juu Wabantu wengine na Waniloti wengine pia wanafanya hivyo. Tofauti nayo iko: Wakalenjin wanaangalia sana saa ya siku, Kibet wa mchana, Kiplagat wa jioni. Wabukusu wanaangalia msimu na balaa: Wekesa wa mavuno, Wanjala wa njaa, Wasike wa nzige. Ukikaa chini uangalie darasa lolote la Kitale, daftari ya mahudhurio ni ripoti nzima ya hali ya hewa.

Kuna kitu kinanisumbua lakini. Vijana wa umri wangu pale mjini, Wafula na Kiprop wote wawili, wanaongea Kiswahili na Sheng. Hawaulizwi neno la kutamka barabarani, na hiyo ni baraka kubwa, sitaki mtu aniambie vinginevyo. Lakini pia hawawezi kuhesabu mpaka kumi, si kwa ekhumi wala kwa taman. Mwaka shufwa ukifika, Agosti, utawaona vijana wa Kitale na Nairobi wakirudishwa kijijini kutahiriwa. Wanatoka huko na jina la rika. Muulize mmoja maana yake nini, atakwambia, "Ni rika tu." Na kwa Lubukusu ni kweli, halina maana nyingine. Maana yake ilibaki kwa jirani, kule juu mlimani, na jirani huyo hatumuulizi.

Mimi nimeanza kukusanya. Nina orodha ya marika kutoka kwa wazee wa pande zote mbili za familia, nikiwarekodi wakitamka. Kuka upande wa baba anasema Kinyikeu, anavuta ile u. Kugo upande wa mama anasema jina lake la rika lilelile na linatoka fupi, kama amelimeza. Niliwachezea kila mmoja sauti ya mwenzake. Wote wawili walisema yule mwingine anakosea matamshi.

Kama kwenu ni Cheptais, Sirisia, Endebess, Kaptama, Kiminini, popote pale, muulize mzee wa nyumbani rika lake na lile lililofuata baada yake. Rekodi. Nataka sana kusikia Kananachi kutoka mahali ambapo sijafika, hasa kama kuna mzee anayelisema kwa njia nyingine.